Mchezo wa Ridhaa

Kiswahili cha michezo kina namna mbili za kumwita mchezaji. Kuna mchezaji wa kulipwa na kuna mchezaji wa ridhaa. Wa kwanza hana fumbo: kuna mtu anamlipa. Wa pili ndiye anayenishughulisha, maana ridhaa ni neno zito kwetu. Binti huozwa kwa ridhaa yake, kijana husafiri kwa ridhaa ya wazee, na radhi ya mama, ambayo imetoka katika shina hilohilo, hakuna anayethubutu kuichezea. Halafu tukalichukua neno hilo tukamvisha kijana anayekimbia juani bila posho, bila viatu vya maana, bila mtu wa kumkanda mguu ukiteguka. Ameridhia mwenyewe. Basi yamekwisha.

Nilikuwa nikilisikia redioni tangu mdogo, kwenye taarifa za michezo, wala sikulitia maanani. Liliponigusa ni mwezi wa Desemba, mdogo wangu wa kiume alipoletewa karatasi na klabu moja ya kriketi ya Dar es Salaam, na mamangu akatakiwa aweke saini mahali palipoandikwa: ridhaa ya mzazi.

Kriketi, ndiyo. Najua msomaji wa Unguja ameshaanza kucheka. Hapa kwetu mtoto hucheza mpira wa miguu, akishindwa hukimbia na baiskeli, akishindwa hukaa baraza akatoa maoni. Mdogo wangu alikutana na kriketi Upanga, alikopelekwa kukaa na mjomba ili asome sekondari. Walikuja walimu wa mchezo skulini kwao wakiwa na mabati ya plastiki na mipira miepesi, wakawapanga watoto mstari, na yeye siku hiyo akaupiga mpira ukavuka ukuta. Hakupata kupona tena. Alipomaliza mtihani wa kidato cha nne akarudi nyumbani Kiponda, na tangu siku ya kwanza uchochoro wetu haukulala. Alikuwa akichukua mpira wa tenisi, anauzungushia utepe wa umeme upande mmoja, anaubamiza ukutani, unarudi, anaupiga. Ukuta wenyewe wa mawe na chokaa, una mabonde na vilima, hivyo mpira haurudi mara mbili kwa njia moja. Majirani walilalamika, mama akamkanya, yeye akahamia alfajiri. Nikiamka kusali namsikia: to, to, to.

Bibi ndiye pekee ambaye hakuona ajabu. Aliukumbuka mchezo huo. Utotoni mwake, kabla ya Mapinduzi, akipita Mnazi Mmoja na wenzake alikuwa akiwaona wanaume wazima waliovaa nyeupe tupu kama wanakwenda Ijumaa, wamesimama juani mbalimbali, hawasemezani, mara mmoja anakimbia. Waingereza walikuwa na siku zao, Wahindi zao, Magoa zao. "Tukikaa tukingoja wamalize tujue nani kashinda," alituambia, "mpaka tunaitwa nyumbani kula, hawajamaliza, wamekwenda kunywa chai." Uwanja bado upo, pale karibu na Beit el Amani, watoto wanacheza mpira wa miguu jioni hadi giza. Waliovaa nyeupe wengi wao waliondoka visiwani miaka ya sitini, na mchezo wao ukaondoka nao kama mtu aliyefunga duka.

Kwa hiyo mdogo wangu hakurithi chochote, na hilo lina uzito wake. Mtoto wa Ng'ambo anayetaka kucheza soka ana ami, jirani, fundi wa viatu, kila mtu amecheza mahali na ana la kumwambia. Anayetaka kucheza kriketi Unguja hana wa kumuuliza. Ana simu tu.

*

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema klabu imemwona kijana katika mashindano ya skuli, inataka ajiunge nayo kwa mwaka mzima, atafanya mazoezi siku sita kwa wiki, na atakuwa "chini ya uangalizi wa kitaalamu kwa maandalizi ya kuchaguliwa timu ya taifa." Chini nafasi mbili za saini, ya mchezaji na ya mzazi. Tarehe ya mwisho ya kujibu ilikuwa wiki tatu mbele.

Ami yangu alikuwa na mpango mwingine. Ana rafiki Nungwi mwenye boti za kupeleka wageni kupiga mbizi, na rafiki huyo alikuwa tayari kumchukua kijana, amfundishe, baada ya miezi sita aanze kumlipa. Mama naye alitaka kidato cha tano. Tulikaa sebuleni usiku mmoja baada ya Isha, sote, hata Bibi ambaye kwa kawaida hulala mapema, na karatasi ikawekwa juu ya meza katikati ya vikombe.

Ninasoma shahada ya uzamili, na nyumbani kwetu maana ya hilo ni kwamba karatasi yoyote yenye muhuri huletwa kwangu, iwe ya umeme, ya benki au ya kriketi. Mama akanisukumia.

"Wewe umesoma. Tuambie, hii ni kazi au si kazi?"

Mdogo wangu akawahi. "Mama, Tanzania tumefuzu Kombe la Dunia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 19 ilishinda mashindano ya Afrika yaliyochezwa Lagos mwaka 2025, ikawaacha Kenya na Uganda, ikafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la vijana la 2026 kule Zimbabwe na Namibia. Kwa nchi ambayo watu wengi hawajui hata mchezo unachezwaje, hilo si jambo dogo. Kwake yeye lilikuwa limemaliza mjadala.

"Nimesikia," mama akajibu. "Lakini nilichouliza ni kama ni kazi."

Nikaomba wiki moja.

*

Ukitaka kujua kriketi inaweza kumfanyia nini kijana wa Afrika Mashariki, lazima upite Nairobi. Nilipita kwa njia ya maktaba na video za zamani, na nikiri kwamba zile video zilininyima usingizi kwa raha.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia. West Indies walikuwa mabingwa wa dunia mara mbili, 1975 na 1979. Kenya walikuja na watu ambao wengi wao walikuwa na ajira zao nyingine huko nyumbani na walicheza mwisho wa wiki. Wakapiga kwanza, wakatolewa wote kwa mikimbio 166, na kila aliyekuwa uwanjani akajua mchezo umekwisha. Kisha West Indies wakatolewa wote kwa 93. Brian Lara, mpigaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake, alidakwa akiwa na mikimbio 8. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 akawa mchezaji bora wa siku hiyo. Kwenye video wanaonekana wakikumbatiana kama watu ambao nao hawaamini.

Halafu 2003. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, pointi zikabaki kwa Kenya, na watu wakasema Kenya imebebwa. Tarehe 24 Februari, katika uwanja wa Gymkhana Nairobi, wakaifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, na kijana Collins Obuya akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Wakaifunga Bangladesh. Wakaifunga Zimbabwe. Tarehe 20 Machi walikuwa Durban, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, dhidi ya India. Walishindwa kwa mikimbio 91, na hakuna aliyeona aibu. Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test iliyofika hatua hiyo katika kombe lile.

Hapo ndipo watu wengi huzima video. Mimi niliendelea kusoma, kwa sababu swali la mama lilikuwa linahusu siku inayofuata nusu fainali.

Siku iliyofuata hapakuwa na kitu. Timu iliyokuwa miongoni mwa nne bora za Kombe la Dunia ikakaa karibu bila mechi. Katika miaka miwili iliyofuata, mechi zake za kiwango cha juu unaweza kuzihesabu kwa vidole. Wachezaji na viongozi wakagombana kuhusu malipo hadi wachezaji wakagoma. Agosti 2004 Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa sababu ya uhusiano na watu wa kamari. Mwaka 2005 chama kizima kikavunjwa, kikaundwa kingine. Wakati huo wote wale mashujaa walikuwa wanazeeka, na nyuma yao walikuwepo wachache mno, kwa sababu timu ile ilikuwa imetoka katika familia chache za Nairobi: kina Obuya watatu, kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, ndugu kwa ndugu waliofundishana. Kwa Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilirudi India, ikatolewa na New Zealand kwa mikimbio 69 mjini Chennai, ikapoteza mechi zake zote sita. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Kuna jambo moja katika yale mashindano ya 2011 ambalo nimelirudia mara nyingi. Kenya walipocheza na Australia mjini Bengaluru, alisimama Collins Obuya, yuleyule wa 2003. Lakini safari hii hakuwa mrushaji. Goti lilikuwa limemsumbua, urushaji wake ukampotea, na yeye akajigeuza mpigaji. Alipiga mikimbio 98 bila kutolewa, ova zikamwishia akiwa amebakisha mikimbio miwili kufika mia. Watu humsifu kwa ule ushujaa, na anastahili. Mimi nilipomtazama nilijiuliza: mtu mwenye kipaji cha kujifunza ufundi wa pili katikati ya maisha, angefika wapi kama ufundi wa kwanza ungelindwa? Kama goti lile lingekuwa mali ya mtu fulani, ambaye kazi yake ni kuamka asubuhi na kuuliza linaendeleaje?

Wachambuzi wengi wanapozungumzia anguko la Kenya hutaja nidhamu. Wachezaji walikosa weledi, wanasema. Walipenda fedha, walivimba vichwa. Yapo ya kweli humo, na simtetei aliyefungiwa. Lakini naona hesabu hiyo inaanza kuhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Weledi tunaudai kwa mchezaji kana kwamba ni tabia njema aliyopaswa kutoka nayo kwao, kama salamu. Nionavyo mimi weledi ni kitu kinachonunuliwa. Kinanunuliwa miezi ambayo hakuna mechi, kwa fedha ambazo hazitaonekana kwenye televisheni: mshahara wa Februari ambapo hakuna mashindano, kodi ya uwanja wa mazoezi, tiketi ya kwenda kucheza na watu wanaokuzidi, ukafungwa, ukarudi, ukaenda tena. Kenya hawakununua siku hizo. Walisubiri siku kubwa, na siku kubwa zilikuja mbili.

*

Kuna neno jingine la redioni ambalo sasa siwezi kulisikia bila kutega sikio: kambi. Timu ya taifa imeingia kambini. Maandalizi yanaendelea vizuri, vijana wana ari. Kwa Kiswahili chetu cha michezo, maandalizi ni kambi, na kambi ni wiki mbili kabla ya safari. Mtu akiuliza mwezi wa tano kama timu imejiandaa kwa mashindano ya mwezi wa kumi na moja, anaonekana ana haraka.

Sisi wa Unguja tuna ugonjwa huu na tunaupenda. Mwaka 2017 ndio ushahidi wangu. Machi mwaka huo Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Soka Afrika, watu wakashangilia. Julai uanachama ukafutwa. Desemba, timu hiyohiyo isiyo na pa kwenda ikaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji chini ya kocha Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco. Ikaifunga Tanzania Bara mbili kwa moja. Ikaifunga Uganda, mabingwa watetezi, mbili kwa moja kwenye nusu fainali. Fainali na Kenya pale Machakos ilikwisha mbili mbili, tukashindwa kwa penalti. Nilikuwa sekondari wakati huo, na nakumbuka mtu mzima akilia barabarani Darajani, analia kwa furaha ya kushindwa vile. Timu iliporudi ilipokewa kama imeleta kombe.

Sijuti kushangilia. Lakini tunapoisimulia hadithi ile, sehemu tunayoipamba zaidi ni kwamba wale vijana walikwenda mikono mitupu. Umaskini wa maandalizi umekuwa sehemu ya utamu. Tumejifunza kuona fahari kwamba hatukujiandaa na bado tulifika, na mtu akishaona fahari ya kitu, nani atamshawishi akiache? Morocco mwenyewe, Januari 2024 alipokabidhiwa Taifa Stars katikati ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mwaka 2025 alipoipeleka robo fainali ya CHAN, hakuna aliyesema alibadilika akawa mtu mwingine. Alipewa vitu vya kufanyia kazi.

Uganda wamenifundisha upande wa pili wa jambo hili. Novemba 2023, mjini Windhoek, waliifunga Zimbabwe, baadaye Rwanda, wakafuzu Kombe la Dunia la kriketi ya ova ishirini la 2024. Haikuwa bahati ya siku moja. Miaka kadhaa walikuwa wakicheza mechi nyingi, mfululizo, na yeyote aliyekubali kucheza nao. Kisha wakafika Guyana. Wakaifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, akarusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Siku tatu baadaye West Indies wakawatoa wote kwa mikimbio 39. Thelathini na tisa. Mrushaji Akeal Hosein peke yake alichukua watano kwa mikimbio 11.

Mdogo wangu hapendi niitaje ile 39. Mimi naipenda. Namba ile haidanganyi mtu. Inakwambia kabisa umbali uliobaki, kama kibao cha barabarani, na timu iliyofika mahali pa kupigwa 39 na mabingwa wa zamani imefika mbali kuliko iliyobaki nyumbani ikisimulia mwaka wake mmoja mzuri.

*

Katika wiki yangu ile ya kusoma nilifanya jambo ambalo dada wa rika langu hafanyi Mji Mkongwe: nilikwenda kumrushia mdogo wangu mpira. Tulikwenda Maisara alfajiri, kabla watu wa mazoezi hawajajaa. Alikuwa amerudi na mpira wa kweli, wa ngozi, mwekundu, mzito wa gramu 160 hivi na mgumu kama embe bichi. Akanieleza: kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita ishirini. Mrushaji wa kiwango cha dunia anautuma mpira kwa kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo unafika kwa kama nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo uone umetoka mkononi namna gani, ukisie utadunda wapi, uamue, usogeze mguu, ushushe bati.

"Huwezi kufikiri," aliniambia. "Mwili uwe umeshafikiri zamani."

"Zamani lini?"

"Mipira elfu kumi nyuma, Dada."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Viwanja vingi vya kwetu mpira hudunda juu ya zulia lililotandikwa kwenye zege, kwa sababu kutunza ardhi ya majani ya kriketi ni ghali na kunataka fundi wake. Kwenye zulia mpira hunyanyuka sawasawa. Kwenye majani hunyanyuka kila mara kivyake. Mtu aliyepiga mipira elfu kumi kwenye zulia akipelekwa kwenye majani siku ya mashindano, mwili wake umefikiri zamani, lakini umefikiri kitu kingine. Wiki mbili za kambi hazitoshi kuufunza mwili upya. Nikamtazama akieleza, kijana ambaye chumbani kwake hata kitanda hatandiki, na nikaona kwamba anajua kazi yake kuliko ile karatasi inavyoijua.

Hilo ndilo lililonifanya niisome karatasi tena kwa hasira kidogo. Ilieleza kwa ukamilifu yale atakayotoa yeye: siku sita, mwaka mzima, nidhamu, utii kwa walimu, kutochezea klabu nyingine. Yale atakayotolewa yalikuwa maneno matatu: uangalizi wa kitaalamu. Hata nauli haikutajwa. Bati la maana hutengenezwa kwa mti unaoota Uingereza na Kashmir, na bei yake ni mamia ya dola. Karatasi haikusema litatoka wapi. Weledi wote ulikuwa upande mmoja wa mizani.

Usiku ule tukakaa mimi, yeye na mama, tukaandika maswali. Ami alikuja akakaa pembeni kwanza, akijifanya anasoma gazeti, mwisho akawa ndiye anayetunga makali kuliko wote, maana amefanya kazi za mikataba ya boti maisha yake yote. Nani atalipa nauli ya daladala kila siku? Vifaa ni vya klabu au vyake, na vikivunjika? Mazoezi ni saa ngapi, na je, anaweza kusoma kidato cha tano asubuhi? Mwalimu ana cheti cha nani? Mwaka utakuwa na mechi ngapi, na zitachezwa kwenye zulia au kwenye majani? Hilo la mwisho lilikuwa la mdogo wangu. Asipochaguliwa timu ya taifa, baada ya mwaka anarudi na nini? Na la mama: akiumia?

Tuliyapanga vizuri, nikayaandika kwa lugha ya heshima, tukayatuma kwa simu kwa mwalimu aliyeleta barua. Mdogo wangu hakulala. Alihofia watamwona jeuri wamwache. Nikamwambia watu wanaomwacha kijana kwa kuuliza nauli ni heri wamwache Desemba kuliko Juni. Hakufarijika hata kidogo.

Siku mbili kimya. Ya tatu mwalimu akapiga simu, akaomba azungumze na mama mwenyewe. Mama akaweka sauti kubwa tusikie sote. Yule bwana alikuwa na adabu, akamwamkia, akamwita Mama mara nyingi. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuulizwa maswali yale na mzazi, na kwamba mengine yeye mwenyewe amekuwa akiwauliza viongozi wake. Nauli wataitoa. Bati na kinga za miguu ni za klabu, atakabidhiwa kwa saini. Mazoezi wanaweza kuyaanza saa tisa alasiri ili asome asubuhi. Kwa wengine wanaosoma watafanya hivyo pia. Cheti chake alikituma picha palepale. Mechi alizitaja kwa miezi, karibu zote za zulia, za majani chache. Kuhusu akiachwa timu ya taifa, alisema klabu huwafundisha vijana wakubwa kuwa walimu na waamuzi, na baadhi yao skuli huwalipa kidogo. Hakusema kiasi gani, na mama hakumbana.

"Na akivunjika mkono, baba?" mama akauliza. "Au mpira ukimpiga kichwani?"

Kukawa kimya hadi tukadhani simu imekatika. Akasema, Mama, hilo la bima nitalipeleka kwenye kikao.

Mama aliweka saini siku ya mwisho, lakini kwanza alinitaka niongeze kwa mkono, chini ya maneno ridhaa ya mzazi, mstari mmoja: kwa mwaka mmoja, na kwa yale tuliyokubaliana kwa simu. Ami alisema mstari kama huo hauna nguvu kisheria. Mama akasema yeye hashitaki mtu, anataka tu wakumbuke kwamba aliandika. Nikapiga picha nakala, moja ikabaki kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Mdogo wangu aliondoka Jumamosi kwa boti ya mchana. Bibi alimfungia halua na samaki wa kukaanga, akamwombea dua ndefu. Anasoma asubuhi, anapiga mpira alasiri, na kila Jumapili ananitumia video fupi ambazo naona kitu kimoja tu, kwamba mguu wake wa mbele sasa unasogea mapema zaidi. Mama hazitazami sana hizo video. Kila mara huniuliza swali lilelile, kama kile kikao kimeshakaa. Bado.